Jua Lisilotaka Kuchwa: Kijana Wetu Afikapo Kaskazini kwa Masomo ya Kiangazi

Kila mwaka, ikaribiapo miezi ya Juni na Julai, nyumba kadha za Waislamu, za pwani na za bara, hupata habari ya furaha iliyochanganyika na hofu: kijana wao amekubaliwa kwenda ng'ambo kwa masomo ya kiangazi. Si masomo ya miaka mingi. Ni ya wiki sita hivi, pengine miezi miwili, kisha atarudi. Baba hufurahi kwa kuwa jina la mwanawe limechaguliwa kati ya majina mengi. Mama naye hufurahi, lakini usiku usingizi humpaa. Watamlisha nini huko? Atakaa na nani? Baridi itamfanyaje? Je, hawatamshawishi kunywa pombe? Na jirani huongeza lake, maana majirani hawakosi neno.

Maswali haya yote ni ya haki, na tutayagusa. Lakini liko swali moja ambalo, kwa kadiri tulivyosikia katika baraza na nyumba nyingi, halimjii mtu mpaka kijana amekwisha fika aendako. Nalo ndilo lililotushika sisi tulipofika mji wa Oslo, katika nchi ya Norwe. Jua lisipotaka kuchwa, Isha itasaliwa saa ngapi?

Tumeichukua Norwe kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, Chuo Kikuu cha Oslo, kilichoasisiwa mwaka 1811, kilianza shule yake ya kiangazi mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya majeshi ya Wajerumani kuondoka katika nchi hiyo. Hapo mwanzo ilikuwa kwa wanafunzi wa Marekani. Baadaye mlango ukafunguliwa kwa watu wa mataifa yote, wakawa wanakutana huko vijana wa Asia, Afrika na Ulaya, huyu akisoma lugha ya Kinorwe, huyu mambo ya amani, na huyu mambo ya afya. Pili, nchi ile iko kaskazini sana, na kwa hiyo taabu tunayoisema huonekana huko waziwazi, bila ya kujificha. Aendaye Edinburgh au Stockholm ataikuta pia. Na hata London, ambako Waislamu ni wengi na misikiti ni mingi, kuna wiki kadha za kiangazi ambazo usiku wake haukamiliki giza.

Safari yenyewe siku hizi haina maajabu. Mtu hupanda ndege Dar es Salaam au Nairobi, hubadili ndege Istanbul, au Doha, au Addis Ababa, na baada ya muda usiotimia siku nzima hushuka Gardermoen, uwanja wa ndege wa Oslo uliofunguliwa mwaka 1998, mwendo wa kilomita 50 hivi kaskazini ya mji. Askari wa uhamiaji hutaka kuona barua ya chuo na kujua mgeni atalala wapi. Kisha humpisha. Ndani ya treni kila mtu amenyamaza. Nje hupita misitu ya misonobari, mashamba ya nafaka, na nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu au nyeupe. Saa ya mkononi hairudishwi nyuma ila kwa saa moja tu, kwa kuwa wakati wa kiangazi Oslo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Basi mwili hauoni taabu kubwa. Ni jua ndilo limgeukalo mtu.

Siku ile ya kwanza tulipewa funguo za vyumba, tukaoga, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja kama wasafiri, kisha tukajilaza kidogo. Tulipoamka, jua lilikuwa juu ya miti, mahali linapokuwa kwetu saa kumi na moja za jioni. Tukatazama saa: ilikuwa saa mbili za usiku! Tukangoja. Ikafika saa tatu. Ikafika saa nne. Na mbele ya bweni watu wangali wamekaa majanini wakisoma vitabu. Ilikuwa yapata saa tano kasorobo ndipo lilipozama nyuma ya vilima. Na hata hapo halikuzama wima, kama lizamavyo bahari ya kwetu, bali lilikwenda mshazari, likivuta miguu mithili ya mtoto aitwaye chuoni. Tukasali Magharibi. Kisha tukakaa tukingoja wekundu uondoke mbinguni ili tusali Isha, na wekundu haukuondoka. Ulisogea tu polepole kutoka upande wa kaskazini-magharibi kwenda kaskazini, na kutoka kaskazini kwenda kaskazini-mashariki. Saa nane za usiku ndege walikwisha anza kulia. Saa kumi kasoro dakika sita jua likachomoza tena.

Yafaa tuseme hapa neno juu ya saa yetu wenyewe. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumeijenga saa yetu juu ya jua. Saa moja ya mchana ni saa ya kwanza baada ya kucha, na saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya kuchwa. Na jambo hili hutuelekea vizuri kwa kuwa tunakaa karibu na mstari wa Ikweta. Mombasa, iliyo katika digrii 4 kusini ya mstari huo, mchana wake mrefu kupita yote na mchana wake mfupi kupita yote huachana kwa nusu saa hivi tu. Mtoto wa kwetu hukua akijua kuwa saa kumi na mbili na nusu jioni ni Magharibi, na saa mbili ni Isha, mwaka nenda mwaka rudi. Hata wengi wetu tumesahau kwamba sala haikufungwa na saa, bali imefungwa na jua, na kwamba saa ni mtumishi tu anayetuletea habari za jua. Oslo iko karibu na digrii 60 kaskazini. Mchana wake wa mwisho wa Juni ni karibu saa 19. Mchana wake wa mwisho wa Desemba hautimii saa 6. Adhuhuri ya Juni huingia saa saba na dakika 20 hivi. Na Alasiri, kwa hesabu ya madhehebu yetu ya Kishafii, huingia panapo saa kumi na mbili za jioni. Hebu msomaji afikiri: ile saa ambayo nyumbani wazee wameketi barazani wakiingojea adhana ya Magharibi, huko ndiyo kwanza Alasiri inaingia.

Sababu yake si siri. Dunia imeinama katika kuzunguka kwake, kiasi cha digrii 23 na nusu, na wakati wa Juni kichwa chake cha kaskazini kimeelekea jua. Wataalamu wa falaki hulihesabu giza kamili kuwa huingia jua linapokwisha shuka digrii 18 chini ya upeo wa macho. Kwetu jua hushuka digrii hizo kwa muda wa saa moja na robo hivi. Oslo, katika usiku wa mwisho wa Juni, jua haliwezi kushuka zaidi ya digrii 6 na nusu. Hufika hapo, likageuka, likaanza kupanda. Tangu mwishoni mwa Aprili hata yapata tarehe 20 Agosti hakuna usiku hata mmoja ulio na giza kamili. Na mji wa Tromsø, ulio mbali zaidi kaskazini katika nchi hiyo hiyo, jua halizami kabisa tangu karibu tarehe 20 Mei mpaka karibu tarehe 22 Julai.

Sasa ni lipi limpatalo kijana wetu? Tumewaona wa namna tatu. Wa kwanza hungoja giza mpaka usingizi ukamshinda. Akaamka jua limekwisha toka, Isha imempita na Alfajiri imempita. Siku ya tatu amechoka; siku ya kumi amezoea. Wa pili husali kwa saa ya nyumbani: akaswali Magharibi saa moja ya usiku na jua liko juu ya kichwa chake, akisema kwamba ndivyo alivyofunzwa. Wa tatu hapati usingizi hata kidogo, naye darasani huinama juu ya daftari akisinzia, na mwalimu akamdhania mvivu. Wote watatu wametoka katika nyumba njema. Wote wamesoma chuoni, na baadhi yao wamehitimu Juzuu Amma na zaidi. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba jambo hili lipo, nao huona haya kuuliza, wakidhani kwamba ni wao wa kwanza katika umma wa Muhammad (s.a.w.) kukutwa na usiku wa namna ile. Tunasema bila ya kuficha kwamba hapa ndipo vijana wengi wanapoanza kuiacha sala, wala si penye pombe wala si penye nguruwe. Yule aliyeonywa juu ya pombe ataiona chupa na ataijua. Lakini nani alimwonya juu ya jua?

Wala wao si wa kwanza, hata kidogo. Mwaka 921 Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alipeleka ujumbe kwa mfalme wa Wabulgari waliokaa kando ya mto Volga, ambao leo ni nchi ya Urusi. Na katika ujumbe huo alikuwamo mtu aitwaye Ahmad bin Fadhlan. Walifika mwaka 922. Bin Fadhlan ameandika kwamba usiku mmoja aliingia hemani mwake pamoja na fundi wa nguo wa mfalme, mtu wa asili ya Baghdad, wakakaa kitambo wakizungumza na kuingojea adhana ya Isha. Mara wakasikia adhana, wakatoka nje, kumbe alfajiri imekwisha pambazuka! Akamwuliza mwadhini ni adhana gani hiyo aliyoitoa, naye akamjibu kuwa ni ya Alfajiri. Na Isha je? Akamwambia kwamba wao huisali pamoja na Magharibi. Kisha mwadhini yule akaongeza kuwa kwa muda wa mwezi mzima alikuwa hathubutu kulala usiku, kwa kuogopa sala ya Alfajiri isimpite. Wasomaji wetu watakubali kwamba huyu ni ndugu wa yule kijana wetu wa tatu anayesinzia darasani, ingawa kati yao imepita miaka zaidi ya elfu.

Ibn Battuta naye, ambaye sisi watu wa pwani twamjua kwa kuwa alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameandika katika kitabu chake kwamba baadaye alikwenda huko huko kwa Wabulgari kwa hamu ya kuuona usiku mfupi. Wanahistoria wengi wana shaka kama kweli alifika. Lakini hata akiwa hakufika, hiyo yenyewe ni dalili ya jinsi habari ya usiku ule ilivyokuwa imeenea katika miji ya Waislamu wa zamani zake. Na mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani mmoja katika safari ya Urusi na Siberia, akaandika habari zake kwa Kiswahili, nazo zikapigwa chapa mwaka 1901 katika mkusanyo wa safari za Waswahili uliotengenezwa na Carl Velten. Basi hata lugha yetu imekwisha fika kaskazini zamani.

Ama wanavyuoni, hao waliizungumza mas'ala hii kwa karne nyingi. Asili ya majibu yao ni Hadithi iliyopokewa na Nawwas bin Sam'an, iliyomo katika Sahihi Muslim, juu ya siku za Dajjali. Mtume (s.a.w.) aliposema kwamba siku moja kati ya hizo itakuwa kama mwaka, Masahaba hawakuuliza habari za chakula wala za vita, waliuliza habari ya sala: je, sala za siku moja zitatosha katika siku hiyo? Akawajibu kuwa hazitoshi, na akawaamuru wakadirie kiasi chake. Neno hilo la kukadiria ndilo lililokuwa ufunguo. Baadhi ya wanavyuoni wa Kihanafi walishika kwamba mahali ambapo wakati wa Isha hauingii, sala yenyewe haimlazimu mtu. Wengine wakawapinga vikali. Mjadala huo ulidumu kati ya Watatari wa Kazan mpaka karne ya 19, na mwanachuoni wao mashuhuri, Shihabuddin Marjani, aliyeishi tangu 1818 hata 1889, alitunga kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1870, kuthibitisha kwamba Isha ni faradhi juu ya watu wa nchi zile ingawa wekundu wa mbinguni hautoweki.

Wanavyuoni wa Kishafii, ambao ndio viongozi wa wengi wetu katika pwani ya Afrika Mashariki, wamesema kwamba watu wa nchi ambayo wekundu hautoweki watakadiria kwa nchi iliyo karibu nao zaidi ambayo wekundu wake hutoweka. Tutoe mfano wa hesabu ili jambo liwe wazi. Tuseme katika nchi hiyo ya karibu wekundu hutoweka ikiwa imepita robo ya usiku. Oslo, mwisho wa Juni, kutoka kuchwa hata kucha ni saa 5 na dakika 10. Robo yake ni saa 1 na dakika 17 hivi. Ukiliongeza hilo juu ya saa tano kasorobo, utapata kama saa sita za usiku. Hapo utasali Isha na kulala. Huo ni mfano tu, wala si ratiba. Kadirio lenyewe lataka mtu wa elimu. Katika miaka ya 1980 Baraza la Fiqhi la Rabita, huko Makka, lililichungua tena jambo la nchi za kaskazini, likashika njia ya kukadiria. Na Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lililoasisiwa mwaka 1997, limeruhusu watu wa huko wakusanye Magharibi na Isha katika kiangazi panapokuwa na mashaka.

Msomaji mwerevu atauliza: je, kijana huyu si msafiri? Kwa nini asikusanye na kupunguza muda wote wa masomo yake? Jibu ni kwamba kwa Mashafii, mtu akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, amekuwa mkaazi, na ruhusa ya safari imemwondokea. Na huyu amekwenda kukaa wiki sita. Kwa hiyo ile Adhuhuri na Alasiri aliyoikusanya njiani haiwi mazoea. Tena hakuna haja: darasa za mchana kwa kawaida huisha kabla Alasiri haijaingia, na Adhuhuri ina muda wa saa nne na zaidi. Mchana wa kaskazini ni mpana kama bahari. Ni usiku ndio ulio mwembamba.

Njia iliyo bora ni kuufuata msikiti wa mji. Oslo misikiti ipo, wala si kidogo. Wapakistani walianza kuja kufanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla serikali haijafunga mlango wa wafanyakazi wa kigeni mwaka 1975. Baadaye wakaja Wasomali, Wairaki, Wabosnia na wengineo. Mtaa wa Grønland, mashariki kidogo ya kituo kikuu cha treni, utasikia Kiurdu, Kisomali na Kiarabu katika mwendo wa hatua chache. Na kati ya Wasomali wamo waliopitia Kenya ambao hukusemesha Kiswahili mara wakuonapo. Hatufichi kwamba ratiba za misikiti ya huko hazikupatana zote katika Isha na Alfajiri, kwa kuwa kila jamii ina njia yake ya kukadiria. Kijana asifadhaike kwa hilo, wala asiwe akiruka kutoka ratiba hii kwenda ile, akitafuta iliyo nyepesi kwa siku hiyo. Achague msikiti mmoja, aufuate mpaka siku ya kurudi.

Tena kuna jambo la kibla. Mtu wa Zanzibar au Mombasa husali akielekea kaskazini, kwani Makka iko karibu sawasawa juu yake. Na mazoea hayo yameingia mwilini, hata wengine hulala na kuamka wakijua kaskazini iko wapi. Oslo, Makka iko kusini-mashariki. Yule asiyefikiri atasimama kwa nguvu ya mazoea akielekea kaskazini, na Al-Kaaba itakuwa nyuma ya mgongo wake.

Tumerefusha katika sala kwa sababu ndiyo iliyosahauliwa. Mengine tutayapitia kwa haraka. Watu wa Norwe hawana desturi ya kumsalimu njiani mtu wasiyemjua, wala kukaa karibu naye katika gari ikiwa kuna kiti kingine kitupu. Kijana aliyelelewa kwa shikamoo na hodi huona kwamba anachukiwa. Si hivyo, kwao kumwacha mtu na faragha yake ndiyo adabu. Mwulize njia, na pengine atafuatana nawe mpaka mlangoni. Mwalimu wa chuo kikuu, hata akiwa profesa mwenye mvi, huitwa kwa jina lake la kwanza; nasi tulimwona binti mmoja kutoka kwetu akishindwa kulitamka, akawa anasema "Mwalimu" siku zote, na yule profesa akapendezwa. Saa ni saa. Isipokuwa darasa la chuo kikuu huanza robo saa baada ya saa iliyoandikwa, hiyo ni mila yao ya zamani. Mgeni aingiapo nyumba ya mtu huvua viatu mlangoni, na hapo Mswahili hana la kujifunza. Ama kupeana mikono baina ya mwanamume na mwanamke, wao huona ni heshima tupu. Asiyetaka na aweke mkono kifuani na kusema neno jema kwa uso mkunjufu, maana uso ukinuna, hata hoja nzuri haipokelewi.

Katika chakula, nyama ni ya kuangaliwa. Sheria ya Norwe tangu mwaka 1929 imelazimisha mnyama atiwe ganzi kabla ya kuchinjwa, na wanavyuoni wana maneno yao juu ya hilo. Waulizwe wa msikitini na wenye maduka ya nyama ya halali. Nguruwe ana majina mengi: kijana ayakariri kabla hajaingia dukani, *svin*, *skinke*, *flesk*, na ajue kwamba soseji wanayoiita *pølse* mara nyingi imechanganywa naye. Lakini samaki wamejaa, nao kila mtu huwajua ni halali. Mkate ni mzuri. Na iko jibini ya rangi ya hudhurungi, tamu kidogo, ambayo mtu ama huipenda siku ya kwanza ama haipendi maisha. Pombe kali huuzwa katika maduka maalumu ya serikali tu, yaliyoanzishwa mwaka 1922. Watu wa nchi ile walipiga kura mwaka 1919 kuikataza pombe kali, wakapiga tena mwaka 1926 kuirudisha. Basi kijana asemapo kuwa hanywi, asidhani ametamka neno geni masikioni mwao. Wako wazee wao waliopigania hilo hilo.

Na liko moja tulilolipenda kupita yote. Sheria yao ya mwaka 1957 inampa kila mtu, hata mgeni, haki ya kutembea katika misitu na milima bila ya kuulizwa ni ardhi ya nani, maadamu haharibu wala hakaribii sana nyumba za watu. Treni ya mji hukupandisha mpaka ukingo wa msitu wa Nordmarka kwa muda usiotimia saa moja. Huko maji ni safi, ardhi ni ya nyasi na sindano za misonobari, na hapana anayemtazama mtu asalipo. Wengi katika sisi sala tuliyoikumbuka zaidi baada ya kurudi ni Alasiri ya msituni.

Mwezi wa Ramadhani uliingia katikati ya masomo hayo ya kiangazi mwaka 2014, na waliokuwako walifunga kiasi cha saa 19 au 20 kwa siku. Utarudi tena katika miezi ile mwishoni mwa miaka ya 2040. Vijana watakaokwenda wakati huo leo wengine hawajaingia chuoni, na wazazi wao wana nafasi ya kutosha kujiandaa.

Kwa hawa wa mwaka huu, tunawaomba baba na mama jambo dogo. Juma moja kabla ya safari, kijana, mwanamume au mwanamke, aketi na sheikh wa mtaa kwa muda wa saa moja, amwambie: "Sheikh, ninakwenda mahali fulani, jua lake linakuchwa saa fulani na kucha saa fulani, nisali vipi?" Ikiwa sheikh hana jibu papo hapo, atalitafuta, na huo utakuwa ni faida kwa mtaa mzima. Na katika sanduku, pamoja na koti la mvua na sweta, maana Julai ya huko yaweza kuwa na mvua ya baridi kama kusi la kwetu, atie dira ndogo ya kibla, ratiba ya msikiti aliyoandikiwa, saa yenye kengele, na kitambaa cheusi cha kufunga macho. Mapazia ya bweni letu yalikuwa meupe.